Kondoo Wawili kwa Kila Mtu

Kondoo wengi wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki wana manyoya mafupi kama ya mbuzi, nasi twawafuga kwa nyama, mafuta na ngozi. Kwa hiyo msomaji wa Maandiko akutanapo na habari za sufu, na za mke mwema ashikaye pia, yaani kijiti cha kusokotea nyuzi, pengine hawezi kuiona kazi hiyo mbele ya macho yake. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu wa Marekani waliolishwa na kuvikwa na makundi madogo ya kondoo, na jinsi thamani ya sufu yao ilivyokaribia kupotea.

Watu hao ni Wanavajo, wakaao katika nchi kavu ya mawe na mchanga, ambayo sasa imo hasa katika majimbo ya Arizona na New Mexico. Hapo kale hawakuwa na kondoo. Waliowaleta ni Wahispania, waliokuja kukaa New Mexico mwaka 1598 pamoja na Juan de Oñate. Kondoo wao waliitwa Churro: wadogo wa mwili, wavumilivu wa kiu na wa majani haba. Wanavajo waliwapata kwa biashara na kwa kuteka nyara. Kazi ya kufuma walijifunza kwa jirani zao Wapueblo, waliokuwa wakifuma pamba tangu zamani.

Sufu ya Churro ilikuwa ya namna mbili juu ya mnyama mmoja: nje nyuzi ndefu zenye nguvu, ndani nyuzi fupi laini. Tena mafuta yake yalikuwa machache. Katika nchi ambayo maji huchotwa mbali, jambo hili ni kubwa, maana sufu yenye mafuta mengi haitakati ila kwa kuoshwa sana. Mwanamke aliikata sufu, akaichambua takataka, akaichana kwa vibao viwili vyenye meno, akaisokota kwa pia ndefu aliyoiviringisha juu ya paja lake. Kisha alisimamisha kitanda cha kufumia, akatandika nyuzi za kwenda juu, akapitisha nyuzi za kukingama kati yake, na kuzishindilia kwa chanuo la mti. Blanketi lake lilikuwa imara sana, hata makabila ya mbali walilitafuta. Na kondoo wengi walikuwa mali ya wanawake wenyewe. Mtoto naye alipewa wake apate kujifunza kuchunga.

Kulikuwa na vita vya siku nyingi kati ya Wanavajo na walowezi, kila upande ukinyang'anya mifugo ya mwenzake. Mwaka 1863 serikali ya Marekani ikamtuma Kit Carson na askari wake. Huyo hakuwashinda kwa bunduki hasa, bali kwa njaa: alichoma mashamba na kuwaondoa kondoo, hata watu wakatoka mafichoni. Mwaka 1864 wakaanza kupelekwa Bosque Redondo kwa miguu, mwendo wa maili 300 na zaidi, na wengi wakafa njiani. Zaidi ya watu 8,000 walikaa huko kama wafungwa. Mahindi yao yaliliwa na wadudu, maji yalikuwa ya chumvichumvi, maradhi yakawaua mamia.

Hata tarehe 1 Juni 1868 mapatano yakaandikwa. Barboncito, mkuu wao, alikuwa amewasemea mbele ya Jenerali Sherman, nao wakapewa ruhusa kurudi kwao. Serikali iliahidi kuwanunulia kondoo na mbuzi 15,000. Mwaka 1869 wanyama hao wakagawanywa, wawili kwa kila mtu. Msomaji atamkumbuka yule maskini katika mfano wa nabii Nathani, aliyekuwa na mwana-kondoo mmoja tu akamlea kama binti yake. Ndivyo Wanavajo walivyowatunza wale wawili wawili, makundi yakaongezeka, na vitanda vya kufumia vikasimama tena.

Lakini baraka hiyo ilipatwa na taabu mbili. Ya kwanza ilikuja kwa nia njema. Tangu mwanzo wa karne ya 20 maofisa waliona ya kuwa Churro ni mdogo, na nyama yake haina uzito. Wakaleta kondoo dume wakubwa wa aina ya Rambouillet. Watoto wao walikuwa wazito zaidi, lakini sufu yao ilikuwa fupi, yenye kujikunjakunja na mafuta mengi. Mfanya biashara alifurahi. Mama mwenye pia na debe moja la maji alipata shida.

Taabu ya pili ilikuja baada ya mwaka 1933. Mifugo ilikuwa imezidi, majani yamekwisha, na udongo ulichukuliwa na maji. Maofisa waliogopa kwamba udongo huo utajaza ziwa la boma kubwa la Hoover, lililokuwa likijengwa katika mto Colorado. Hofu yao haikuwa ya bure. Lakini waliamuru mifugo ipunguzwe, wakasema na wanaume wa baraza, na wanawake wenye mali hawakuulizwa. Mbuzi wengi walipigwa risasi wakaachwa kuoza. Hofu ya namna hiyo ilifika hata kwetu: mwaka 1938 serikali ya Kenya ya wakati ule ilitaka kupunguza ng'ombe wa Ukambani, na watu wengi wakaenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kulalamika.

Kufikia miaka ya 1970 kondoo wa Churro walikuwa wamesalia chini ya 500. Ndipo mwaka 1977 Lyle McNeal, mwalimu wa chuo kikuu, akaanza kuwatafuta waliobaki, awazalishe na kuwarudisha kwa wafumaji. Leo wamehesabiwa tena kwa maelfu.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba mnyama mgeni ni mbaya, wala kwamba nchi iachwe iliwe mpaka iwe jangwa. Mchungaji asiyetunza majani amewatupa kondoo wake mwenyewe. Lakini daftari la maofisa wale liliandika idadi ya vichwa na ratili za nyama, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Ila halikuwa na safu ya maji ya kuoshea, wala ya mikono ya mama asokotaye. Basi tukiletewa jogoo, dume au mbegu ya kuboresha yetu, tuipokee kwa shukrani, lakini kwanza tumwulize yule aitumiaye kila siku, naye mara nyingi yuko jikoni, hakuitwa barazani.