Kabla ya Mourinho alikuwapo Artur Jorge

Ukiwauliza vijana wa leo kocha gani Mreno alikuwa wa kwanza kutwaa Kombe la Ulaya, wengi watakutajia José Mourinho. Mourinho alilitwaa mwaka 2004 akiwa na Porto. Miaka 17 kabla yake, Porto hiyohiyo ilikuwa imeshalibeba chini ya Artur Jorge, bwana mwenye masharubu mazito, msomi wa lugha ya Kijerumani na mshairi aliyechapisha diwani. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 78.

Alikuwa mshambuliaji kwelikweli. Alianzia Porto, mji aliozaliwa, akaenda kusoma na kuchezea Académica ya Coimbra, timu ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 1969 akatua Benfica ya Eusébio, akabeba ubingwa mara nne na kuwa mfungaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, 1971 na 1972. Alipotundika daluga akaenda kusomea ukocha Leipzig, Ujerumani Mashariki.

Porto walimchukua 1984, naye akawapa ubingwa wa 1985 na 1986. Kisha ikaja Vienna, Mei 27, 1987. Bayern Munich waliongoza kwa kichwa cha Ludwig Kögl, na Porto hawakuwa na mfungaji wao mkuu, Fernando Gomes, aliyevunjika mguu. Baada ya mapumziko Artur Jorge akamwingiza Juary, Mbrazili mfupi mwenye mbio. Dakika ya 77 Juary akapenyeza mpira mbele ya lango. Ukamkuta Rabah Madjer, Mualgeria, amelipa lango mgongo. Akaupiga kisigino. Muda mfupi baadaye Madjer akamtoka beki wa pembeni, akamwaga krosi, Juary akamalizia. 2-1. Kisigino kile watu wanakisimulia mpaka leo. Aliyemwingiza Juary hawamtaji.

Baadaye aliipa PSG ya George Weah ubingwa wa Ufaransa 1994. Benfica mambo yalimwendea kombo. Timu ya taifa ya Ureno nako hakukuwa na utani: Machi 1997, Ricardo Sá Pinto, aliyeachwa kikosini, alimfuata mazoezini akamtwanga ngumi.

Afrika ilimjua kupitia Cameroon. Septemba 2005 vijana wake waliifunga Ivory Coast 3-2 palepale Abidjan, mabao yote matatu ya Achille Webo, na hatima ya tiketi ya Kombe la Dunia la Ujerumani ikawa mikononi mwao. Oktoba, Yaoundé, walihitaji kuifunga Misri tu. Ikiwa 1-1 wakapata penalti dakika za nyongeza. Pierre Womé akagonga nguzo. Ivory Coast wakaenda Ujerumani.

Februari 2006 wakakutana tena na Ivory Coast, robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Kwenye matuta kila mchezaji alifunga, makipa wote wawili wakiwamo, mpaka zamu ikamrudia Samuel Eto'o. Akapaisha. Didier Drogba akafunga, 12-11, na mwaka huohuo Artur Jorge akaiacha Cameroon.