Herufi nene zilitoka wapi?

Zile herufi za mabango, upande mmoja mnene, upande mwingine mwembamba kama uzi, na vijistari kwenye ncha, zina historia. Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma, Italia, aliyefariki 1813, alichonga herufi za aina hiyo kwa ajili ya vitabu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wachongaji wa London, akiwemo Robert Thorne, wakazinenepesha kabisa. Sababu? Biashara. Matangazo ya bahati nasibu, ambayo serikali iliifunga 1826, yalitaka mpita njia asimame. Unene uliita macho tu, haukuthibitisha neno. Basi wenzangu, hapa kambini tangazo likipiga kelele, tusome na maandishi madogo ya chini. Halafu tuulize: nani kaliweka?