Difu Shikizi na Dawa Yake

Jedwali la istilahi za magari linalopita sasa mikononi mwa walimu wa vyuo vya ufundi lina safu mbili: kushoto Kiingereza, kulia kitu kinachodai kuwa Kiswahili. Mbele ya kile ambacho mafundi hukiita kwa kifupi "elesidi", yaani limited-slip differential, kamati iliyolitunga imeandika "kitofautishi chenye utelezi wenye mipaka". Maneno matano kwa kitu kimoja, na hakuna hata moja kati yake linalosikika kwa mtu aliyelala chini ya gari.

Utelezi ndio ulioharibu mambo. Utelezi ni hali: sakafu iliyomwagikiwa sabuni ina utelezi, barabara ya udongo ina utelezi mvua ikinyesha. Gurudumu kuzunguka bila gari kusonga ni kitendo, na ni jambo jingine kabisa. Kwa mujibu wa jedwali, basi, difu yenyewe ndiyo yenye utelezi, tena utelezi uliowekewa mipaka, neno ambalo wananchi wengi wamelizoea kutoka kwenye kesi za mashamba. Mstari wa chini yake unazidi kuchekesha, kwani oili ya difu hiyo imeitwa "oili ya utelezi wenye mipaka". Mnunuzi mwenye akili timamu atadhani anauziwa oili isiyoteleza vizuri, na atairudisha rafuni.

Kitofautishi nacho kina kasoro ya kuzaliwa. Kutofautisha ni kazi ya jicho na akili. Mtu hutofautisha mchele na chuya. Difu haitofautishi chochote. Huyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yapishane mwendo kwenye kona, kazi iliyokuwa ikifanyika tangu Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipobuni difu ya gari la mvuke katika miaka ya 1820. Kiswahili kilikwisha kulikopa neno la Kiingereza, differential, kwa kulikata kati: difu. Difu inalia, difu inavuja, difu imekula meno. Neno lina silabi mbili, limekaa katika ngeli yake kwa amani, na halikuwa likisubiri kuokolewa na yeyote.

Waliokitengeneza kitu chenyewe hawakukiita kwa kuteleza. Mwaka 1935 Ferdinand Porsche aliiagiza kampuni ya ZF ibuni difu ya namna hii kwa magari ya mashindano ya Auto Union, ambayo nguvu zake zilikuwa zikilizungusha ovyo gurudumu moja la nyuma. Wajerumani huiita Sperrdifferential, yaani difu ya kufungia. Waitaliano husema autobloccante, yenye kujifunga. Huko Marekani, Packard walikuja na Twin Traction mwaka 1956, Chevrolet wakafuata na Positraction mwaka 1957, Chrysler wakawa na Sure-Grip na Ford wakawa na Traction-Lok. Yasomwe majina hayo yote, na kinachosikika ni kushika, kukamata na kufunga. Kuteleza kulibaki kwenye jina la vitabuni la Kiingereza, na kamati ikaenda kukuchukua huko huko.

Mwandishi wa makala haya amependekeza, na anaendelea kupendekeza, difu shikizi.

Mzizi ni shika. Humo hutoka shikia, shikana, shikamana, shikilia, na hutoka shikiza, ambayo ndiyo inayotuhusu. Fundi cherehani hushikiza vipande viwili vya kitambaa kwa nyuzi chache ndefu kabla ya kuvipitisha kwenye mashine: vimeshikana, lakini vikivutwa kwa nguvu vitasogea. Hivyo ndivyo zinavyofanya pleti za difu hii. Springi na msukumo wa gia zenyewe huzibana pamoja. Gurudumu moja likitaka kuzunguka peke yake, pleti hulishikiza kwa mwenzake, na kona ikija huachia kidogo ili yapishane. Kufunga kabisa ni kazi ya difu nyingine, ile ya loki, ambayo dereva wa Land Cruiser huiwasha akizama kwenye tope na kuizima akifika kwenye lami. Kiswahili kinahitaji neno la katikati ya kufunga na kuachia, nalo kinalo.

Umbo lake halina ugeni wowote. Chokoza ilitupa chokozi, jumuisha ikatupa jumuishi, shirikisha ikatupa shirikishi. Shikiza, kwa njia ile ile, inatoa shikizi. Tena neno hili limekwisha kuingia serikalini. Tanzania ina shule shikizi, madarasa yanayojengwa karibu na watoto wa vitongoji vya mbali na kulelewa na shule mama mpaka yapate usajili wa kujitegemea. Mzazi aliyempeleka mtoto shule shikizi hatahitaji semina ya siku tatu ili aelewe difu shikizi.

Hoja hiyo ilipofikishwa mbele ya wajumbe, jibu lilikuwa kwamba shikizi ni neno la washonaji na maofisa elimu. Ni kweli. Meno nayo yalikuwa ya kinywani kabla hayajawa ya gia, na hakuna kikao kilichoitishwa kuyarudisha. Mjumbe mwingine, ambaye jina lake liko kwenye majalada ya kamusi na makosa yake yako ndani, alitaka "kibanamagurudumu". Neno hilo lina silabi nane na halisemi kweli: kinachobanwa ni pleti, magurudumu hayaguswi. Difu aliyoibuni Mmarekani Vernon Gleasman katika miaka ya 1950, ambayo leo inauzwa kwa jina la Torsen, haitegemei pleti hizo. Gia zake hushikana zenyewe magurudumu yakipishana nguvu. Shikizi inaifaa, kibanamagurudumu itabidi kitafute gari jingine.

Kosa la pili la jedwali si la kuchekesha, kwa sababu linaharibu mali. Ile dawa inayotiwa kwenye oili ya difu shikizi limeiita "kipunguza msuguano". Pleti hizi zinaishi kwa msuguano. Ukiupunguza tu, difu imekufa. Shida inayofikishwa gereji ni nyingine. Katika oili ya gia isiyo na dawa hiyo, pleti zilizotulia hushikana kwa nguvu kuliko pleti ambazo tayari zinasuguana. Gari likikata kona polepole, tuseme likiingia kwenye maegesho, pleti hushika, huachia ghafla, hushika tena. Nyuma hutoka mkoromo na mtetemo ambao wateja wengi huupeleka kwa fundi kama ugonjwa wa beringi. Molekuli za dawa hung'ang'ania uso wa pleti kwa ncha moja na kuacha mkia wa mafuta upande wa pili, zikakilainisha kile kitambo cha kuanza kusogea, na mshtuko ukaisha huku mshiko ukibaki. Msuguano umetulizwa, haukufukuzwa. Ndiyo maana mwandishi anasema kituliza msuguano, na kwa lugha ya gereji anaridhika kabisa na dawa ya difu, maana mafundi walikwisha kuita dawa karibu kila kinachomiminwa kwenye rejeta, tangi na injini.

Kijana aliyefundishwa "kipunguza msuguano" chuoni ataamini kwamba kikizidi ni heri zaidi. Atamimina chupa nzima juu ya oili ambayo tayari ina dawa yake, na mteja atarudi akilalamika kwamba gari linazungusha gurudumu moja mchangani. Mwalimu wake hatakuwa na la kujitetea zaidi ya kufungua jedwali.

Kwa haki, wanafizikia wa Kiswahili walitupa mnato na msuguano zamani, na maneno hayo hayana ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwa wauzaji wa namba. 90 ya oili ya gia haimo katika mizani moja na 40 ya injini. Zote mbili zikipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya gia ya 90 hukaribiana mnato na oili ya injini ya 40 au 50, kwa hiyo anayedhani amenunua uji mzito maradufu amenunua mchapo wa lebo. Herufi W katika 80W-90 inahusu baridi. 80W hupimiwa kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hali ambayo Dodoma haijapata kuiona.

Kuhusu matumizi, machache yatosha, na kitabu cha gari kitangulie. Difu shikizi ya pleti hutaka oili ya daraja la GL-5 yenye alama ya LS au LSD, ambayo dawa imo. Ikipatikana GL-5 tupu, dawa huongezwa kwa kipimo cha mtengenezaji, kama Ford wanaotaja wakia 4 za ujazo, karibu mililita 118, kwa ekseli yao ya inchi 8.8 yenye Traction-Lok, kisha gari huendeshwa polepole kwa umbo la nane ili oili mpya ipenye kati ya pleti. Torsen kwa kawaida haihitaji dawa, na difu shikizi inayotumia ugiligili wa silikoni imeufungia ndani ya chombo, oili ya nje haiufikii. GL-5 isitiwe kwenye giaboksi iliyoandikiwa GL-4, kwa kuwa dawa zake za salfa zinaweza kuzila ringi za shaba. Na kwa magari yaliyotumika Japani ambayo lebo zake hazisomeki huku, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka gia huru, zungusha moja kwa mkono: mwenzake akifuata upande ule ule, hiyo huenda ni shikizi, akienda kinyume, huenda ni difu ya kawaida au ni shikizi iliyochoka.

Kwenye lebo ya kopo yote hayo yanaingia katika mstari mmoja: "Oili ya difu shikizi, 80W-90, GL-5, dawa imo." Mwandishi aliuandika mstari huo na kuupeleka kamatini kwa barua. Jibu lililorudi lilimtaka kwanza aeleze iwapo neno "dawa" limeombewa idhini ya wafamasia.