Nyaraka za vyama vya wafanyakazi wa migodi, Tanzania

Nyaraka za vyama vya wafanyakazi wa migodi ni kumbukumbu za vyama vinavyotetea waajiriwa wa migodini: katiba, daftari za wanachama, mihtasari ya vikao, barua za madai na mikataba ya hali bora. Mfululizo wake hufuata mabadiliko ya vyama vyenyewe: shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL (1955–1964), kisha vyama vya kitaifa vya NUTA, JUWATA na OTTU, baadaye chama cha TAMICO katika sekta ya madini na ujenzi. Mahali pa kuzitafuta hutegemea pia mipaka ya mikoa: Bariadi, ambayo sasa iko Simiyu, ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, wenye mgodi wa almasi wa Mwadui, hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa hiyo utafiti wa Simiyu huhitaji pia majalada ya Shinyanga. Nyaraka hizi ni ushahidi muhimu wa mishahara, usalama kazini na migogoro ya kazi.