Fluoresensi: Mwanga Unaokagua Mafuta ya Kula

Mwali wa leza ya kijani ukipitishwa kwenye chupa ya mafuta ya zeituni yasiyosafishwa, njia yake ndani ya mafuta huonekana nyekundu au ya rangi ya chungwa. Ukipitishwa kwenye mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, wekundu huo hauonekani. Wekundu wa mafuta ya zeituni haukutoka kwenye leza, bali kwenye klorofili, ile rangi ya majani, iliyokamuliwa pamoja na zeituni. Tendo hilo la kumeza mwanga wa rangi moja na kutoa wa rangi nyingine ndilo fluoresensi.

Jina hili lilitungwa mwaka 1852 na George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, kutokana na madini ya fluoraiti. Stokes aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, kisha akausogeza mrija wenye myeyusho wa kwinini kutoka upande wa nyekundu kwenda urujuani. Rangi nyingi zilipita bila jambo. Mrija ulipofika ukingoni mwa urujuani na kuingia gizani, kwinini ikatoa buluu. Mwanga unaotoka, akabaini, huwa na mawimbi marefu kuliko ulioingia. Leo sababu inajulikana: molekuli hupoteza sehemu ya nishati kama joto, kisha hutoa iliyobaki ndani ya nanosekunde chache.

Je, kwa nini tusiseme tu “mng’ao”? Kwa sababu dhahabu hung’aa, kioo hung’aa, hata mafuta kikaangoni hung’aa, na vyote hivyo vinaakisi tu mwanga ulioviangukia. “Mmemeto” nao unatupeleka kwa nyota na vimulimuli. Hakuna kati ya maneno hayo linalobeba ule ubadilishaji wa rangi, na upimaji wote umesimama hapo. Basi neno la kukopa, fluoresensi, linafaa zaidi, na mbinu yenyewe tunaweza kuiita upimaji wa spektra ya fluoresensi.

Kiwandani, kifaa humulika mafuta kwa mawimbi teule na kurekodi yanayotoka. Mafuta yenyewe, yaani trigliseridi, karibu hayasemi kitu. Wanaosema ni abiria wake. Vitamini E ikimulikwa kwa urujuanimno wa nanomita 290 hadi 300, hujibu karibu na 325. Klorofili hujibu kwa wekundu wa karibu 670 hadi 680. Mazao ya mafuta kuchacha hujitokeza kwenye eneo la buluu, kati ya 400 na 500 hivi.

Kila hatua ya usafishaji huacha alama yake. Mafuta ghafi yakipitishwa kwenye udongo wa kuondoa rangi, wekundu wa klorofili hushuka; usiposhuka, udongo umechoka au haukutosha. Hilo si suala la sura tu, kwani klorofili iliyobaki ikipigwa na mwanga huharakisha kuchacha. Baadaye mafuta huondolewa harufu kwa mvuke, kwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 200 za Selsiasi, na hapo sehemu ya vitamini E hupotea. Kilele cha 325 kikiporomoka kupita kiasi, mwendesha mtambo ana sababu ya kuangalia joto na muda.

Faida yake ni kasi: jibu hupatikana bila kemikali, wakati mafuta yangali yakipita bombani. Lakini asidi huru za mafuta hazijitangazi moja kwa moja, na mafuta meusi humeza mwanga kabla haujakifikia kipokezi, hivyo hupimwa kwenye uso wake au huzimuliwa kwanza. Tena kifaa lazima kilinganishwe mara kwa mara na titresheni ya maabara, inayopima peroksaidi zenyewe zinazotokana na kuchacha.

Faida ya uteuzi wa neno huonekana kwenye daftari la zamu. Ukiandika “mng’ao wa mafuta umeshuka”, anayepokea zamu atadhani mafuta yamefifia na kuanza kutafuta hitilafu. Ukiandika “fluoresensi ya klorofili imeshuka”, atajua udongo umefanya kazi yake, na mtambo utaendelea.