Marafiki wa Banani: Habari za Wageni Waliojifunza Kuishi Pemba

Wasikilizaji wetu na wasomaji wetu, mara nyingi habari za wamisionari husimuliwa kama habari za watu waliokuja kufundisha tu: walijenga shule, walitia dawa vidonda, walihubiri dini yao, kisha wakaenda zao. Habari hizo ni za kweli, lakini ni nusu tu ya mambo yaliyokuwa. Mgeni aingiaye nchi ya watu, kabla hajafundisha neno lolote, yampasa yeye kwanza afundishwe: ale nini, anywe maji gani, amwamkie nani kwanza, amlipe nani na kwa kipimo gani. Leo twataka kuwaelezeni habari za wageni wa namna hiyo, waliokuja kisiwani Pemba mwaka 1897, wakafanya makao yao Banani, karibu na Chake Chake.

Wageni hao walikuwa Waingereza wa dhehebu la Kikristo liitwalo Jamii ya Marafiki, nao hujulikana pia kwa jina la Quaker. Dhehebu hilo lilianza Uingereza katikati ya karne ya 17. Katika ibada yao ya asili hapakuwa na padri wala nyimbo; watu walikaa kimya, na aliyeona ana neno la kusema alisimama akalisema. Marafiki wa kale walikataa hata kumvulia kofia mtu mkubwa, kwani walisema binadamu wote ni sawa mbele ya Mungu.

Tena walikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuushutumu utumwa. Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, huko Pennsylvania, waliandika waraka wa kuupinga. Mwaka 1783 wenzao wa Uingereza walipeleka ombi Bungeni ili biashara ya watumwa ikomeshwe. Na tangu mwaka 1791 jamaa nyingi za Uingereza, Marafiki na wasio Marafiki, ziliacha kutia sukari katika chai, kwa sababu sukari ile ilitoka katika mashamba ya watumwa. Hivyo watu hawa walikwisha kuzoea kukiuliza kila kitu kilicho mezani: Nani alikilima, na je, alilipwa?

Sasa tazameni hali ya Pemba siku zile. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini mikarafuu ya Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hasa, na kazi ya mashamba ilifanywa na watumwa. Mwaka 1895 Donald Mackenzie, aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa cha Uingereza, alizuru Unguja na Pemba, akaeleza hali ya watumwa aliyoiona. Kisha, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, akishurutishwa na Serikali ya Uingereza, alitoa amri kwamba tangu siku ile mahakama hazitasikiliza tena dai la mtu asemaye, Fulani ni mtumwa wangu.

Mwaka ule ule Henry Stanley Newman na Theodore Burtt walifika Pemba kwa niaba ya Marafiki. Bwana Newman alirudi kwao, na mwaka 1898 kikatoka kitabu chake alichokiita kwa jina la mahali pale, Banani. Bwana Burtt akabaki, akawa mkuu wa misheni kwa muda wa miaka mingi. Kazi yao ilikuwa kuendesha shamba la karafuu kwa mikono ya watu huru wenye kulipwa ujira, ili kila mtu aone kwamba karafuu zaweza kuchumwa pasipo watumwa. Jambo hilo si dogo. Wenye mashamba wengi walisema kwamba mtumwa akipewa uhuru hatafanya kazi tena, na mikarafuu itamezwa na magugu. Na Serikali nayo iliogopa kupoteza ushuru wa karafuu.

Lakini kabla ya karafuu kulikuwa na mambo ya nyumbani. Jambo la kwanza alilofundishwa mgeni wa Pemba ni bahari. Chombo hakipandi hori ya Chake Chake mpaka maji yamejaa. Yakipwa, hubaki matope na mikoko. Basi barua, unga wa ngano, dawa na misumari, vyote vilikuja kwa amri ya maji, wala si kwa amri ya saa ya ukutani. Na saa yenyewe ilikuwa somo la pili. Saa ya Mzungu ilipoonyesha saba asubuhi, jirani yake alisema ni saa moja, kwa kuwa yeye alihesabu tangu jua lilipochomoza. Mgeni asiyelijua hilo aliweza kumngoja kibarua tangu alfajiri, kisha akamwita mvivu, kumbe mwenziwe amefika kwa wakati wake barabara.

Somo la tatu lilikuwa la homa. Wazungu wa siku zile walidhani ya kuwa malaria huletwa na mvuke wa mabonde. Na neno malaria lenyewe, kwa Kitaliani, maana yake ni hewa mbaya. Kwa hiyo walipenda kujenga juu ya vilima, na usiku walifunga madirisha. Mwezi Agosti 1897, mwaka ule ule Marafiki walipofika Pemba, daktari Ronald Ross, akiwa India, aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Lakini habari hiyo haikuenea siku moja. Pemba ni nchi ya vilima vidogo na mabonde ya mpunga yenye maji, na mbu hupenda maji hayo. Basi katika miaka ile ya kwanza familia ya mgeni ilitegemea kwinini, na wema wa majirani waliokuja kumtazama mgonjwa.

Somo la nne lilikuwa la lugha. Kwa bahati njema vitabu vilikuwapo: Askofu Edward Steere alichapa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na mwaka 1894 ilitoka kamusi ya A. C. Madan. Lakini kitabu hakimfundishi mtu adabu ya maneno. Katika visiwa hivi mtu hasemi haja yake mara akutanapo na mwenziwe. Huamkiana kwanza, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, na za kazi, ndipo haja itajwe. Tena iko shikamoo, ambayo asili yake ni maneno ya mdogo kumwambia mkubwa kwamba ameishika miguu yake. Fikirini jinsi maneno hayo yalivyoweza kumgusa Rafiki ambaye babu zake walitiwa gerezani kwa kukataa kuvua kofia! Hata hivyo, mtu asiyeitika salamu huonekana hana adabu, hata akiwa na imani njema namna gani.

Hapo sasa twafika penye jambo lililo zito kuliko yote, nalo ni ujira. Ninyi nyote mwalijua neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanya kazi wa kutwa. Wengi wa vibarua wa zamani katika pwani yetu walikuwa watumwa: bwana wake mtu alimruhusu kwenda kutafuta kazi kwa watu, na jioni sehemu ya ujira ilirudi kwa bwana. Basi tazameni taabu ya mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya kuupinga utumwa. Akitaka mpagazi wa kumbebea sanduku, au mpishi, au mtu wa kumtekea maji, amwajiri nani? Fedha aliyoitia mkononi mwa mtu yule iliweza kuishia mfukoni mwa bwana wake. Aliyekataa sukari huko kwao sasa aliukuta utumwa mlangoni pake, katika mtungi wa maji ya kunywa. Hakuna njia nyingine ila kuuliza, na kuulizia habari za mtu kwahitaji lugha, na lugha kwahitaji subira. Ndiyo maana twasema kwamba mambo madogo ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe ya misheni.

Kisha likaja shamba. Ninyi watu wa Pemba mwajua kwamba karafuu hazingoji. Zikiisha kukomaa lazima zichumwe kabla hazijafunguka maua, zichambuliwe makonyo, zianikwe juani juu ya majamvi, na wingu likitanda zianuliwe mbio zisilowe. Siku zile kazi hiyo ililipwa kwa pishi, na karafuu kavu ziliuzwa kwa frasila. Wakati wa mavuno watu huru walikuja kwa wingi, kwa kuwa mchumaji hodari alipata fedha nzuri. Taabu ilikuwa katika miezi mingine, miezi ya kupalilia, ambayo ujira wake ulikuwa mdogo na kazi yake haina furaha.

Katika palizi ndipo ilipoonekana hitilafu ya mawazo. Mwingereza alidhani ya kuwa mtu huru ni mtu afanyaye kazi kila siku, kwa saa maalumu, akapokea mshahara. Mtu aliyetoka utumwani alikuwa na fikira nyingine. Kwake yeye, uhuru ulikuwa kuwa na kibanda chake, na kipande cha ardhi cha kupanda muhogo, na siku yake mwenyewe: aamkapo achague kwenda kuvua, au kulima kwake, au kwenda kwa mwenye shamba akitaka fedha ya nguo. Sheria nayo haikumwacha kabisa. Ile amri ya 1897 ilisema kwamba aliyepewa uhuru na mahakama lazima aonyeshe ana makao na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ahesabiwe kuwa mzururaji. Kwa hiyo wengi hawakwenda mahakamani kabisa, bali walipatana na mabwana wao wa zamani: wakae pale pale, walime kwao, na kwa malipo ya ardhi wafanye kazi siku kadhaa za juma. Watu waliosema kwamba mtumwa akiwa huru hatafanya kazi walikosea, maana alifanya kazi sana. Ila hakutaka kufanya kazi kwa namna ya utumwa, hata kama namna hiyo imepewa jina jipya.

Vivyo hivyo katika mavazi. Marafiki kwa desturi walipenda nguo za kawaida zisizo na mapambo, kwani waliona pambo ni majivuno. Lakini mwanamke aliyevaa kaniki nyeusi miaka yote ya utumwa wake, siku alipopata fedha yake ya kwanza alitaka kanga yenye maua. Na mwanamume alitaka kanzu na kofia. Mbele ya mgeni hayo yaweza kuonekana ni upuuzi wa kupoteza fedha. Mbele ya mvaaji ilikuwa heshima aliyokuwa amenyimwa, naye alitaka kila jirani aione.

Na kwa habari ya dini, Pemba ilikuwa nchi ya Waislamu tangu karne nyingi, yenye misikiti yake na vyuo vyake. Aliyetaka kuhesabiwa mwenyeji kamili aliona njia yake ni kuwa pamoja na majirani zake katika sala na mazishi. Ndiyo sababu waliojiunga na Marafiki Pemba walikuwa wachache. Mwaka 1902 Marafiki wa Marekani walianza kazi yao Kaimosi, magharibi ya Kenya, na leo nchi ya Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Ukitazama hesabu ya waumini tu, basi utasema Banani haikufaulu.

Sisi hatusemi hivyo. Mwaka 1909 Sultani Ali bin Hamoud alitoa amri nyingine iliyoondoa masalio ya utumwa, hata masuria, ambao amri ya kwanza iliwaacha nje, wakapata haki ya kudai uhuru. Wakati huo mikarafuu ya Pemba ilikuwa ingali imesimama, na karafuu zingali zikichumwa. Hofu ya wenye mashamba na ya Serikali haikutimia. Lakini tumaini la wageni nalo halikutimia sawasawa kama walivyolichora. Waliopatanisha mambo hayo mawili ni wale walioachwa huru wenyewe, kwa majembe yao na mihogo yao.

Basi, wasikilizaji wetu, jambo la kukumbuka ni hili. Mtu aweza kuchukia dhuluma kwa moyo wake wote akiwa mbali, lakini akija karibu lazima ajifunze kutoka kwa aliyedhulumiwa ni nini anachokiita haki. Nanyi vijana wa shule, mkiwa mwaketi jamvini kuchambua makonyo, waulizeni wazee wenu walisikia nini kwa babu zao juu ya pishi, ujira na kibarua. Andikeni majibu yao, kwa kuwa mengi ya habari hizo hayamo katika vitabu vya wageni.