Risasi za Msituni

Mtu ajifunzaye shabaha kwa bunduki ya hewa hugundua upesi kwamba marisau yote si sawa. Kidonge cha milimita 4.5, chenye kiuno chembamba na tako pana, hukamata mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu, kikazunguka na kwenda moja kwa moja. Kikiwa chembamba kupita kiasi hewa huvuja pembeni. Kikiwa kinene huharibika kabla ya kutoka. Basi mpigaji hujaribu aina mbalimbali, hutazama matundu katika karatasi, kisha huchagua. Akikosea, hasara yake ni kidonge kimoja.

Katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, tangu mwaka 1952 hata 1956, watu walijifunza kanuni hiyohiyo bila nafasi ya kujaribu.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji wa Mau Mau walioingia msituni kutoka Nyeri na sehemu za jirani walikuwa na bunduki chache sana za kiwandani. Nyingine walizitengeneza wenyewe, mtutu ukiwa bomba la maji. Bomba halina mifuo. Risasi itokayo humo hupepesuka angani, na isipolingana na bomba, hatari humrudia mpigaji mwenyewe. Silaha hiyo ilimfaa mtu aliye karibu na adui wake, na kumkaribia mwenye bunduki ya jeshi si jambo dogo. Wako wanaozicheka bunduki hizo wazionapo pichani. Mimi sizicheki.

Hata hivyo, bunduki ilikuwa sehemu ndogo ya shida. Kitako aweza kukichonga seremala yeyote, lakini risasi kamili, yenye ganda, baruti na fataki, ni kazi ya kiwanda. Ilibidi zipenyezwe kwa siri kutoka Nairobi, au zitekwe, kama zilivyotekwa katika kituo cha polisi cha Naivasha usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Serikali ilipousaka mji wa Nairobi kuanzia tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, njia ile ya kwanza ilizibwa. Tena zilizopatikana hazikuwa za namna moja. Risasi ya 303, iliyotumiwa na bunduki za jeshi la Kiingereza, haiingii katika bastola ya 38. Wala ile ya bastola haifai kwa bunduki ya 303. Mtu aliweza kuwa na risasi mfukoni akafa kama asiye na kitu.

Lakini ijapokuwa haikumfaa, iliweza kumnyongesha. Kwa sheria za hali ya hatari, kuwa na risasi bila idhini kulikuwa kosa la kifo. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikuwa askari wa Kiingereza huko Burma katika Vita Kuu ya Pili, naye aliongoza wapiganaji wa Mlima Kenya. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa Nyeri. Miongoni mwa mashtaka yake ilikuwa kupatikana na risasi mbili. Alipewa hukumu ya kifo, ambayo iliondolewa baada ya yeye kukubali kuzungumza na serikali.

Dedan Kimathi hakuipata njia hiyo. Alikamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa na jeraha. Mwezi uliofuata alisimamishwa mbele ya mahakama papo hapo Nyeri. Hakushtakiwa kwa vita vya miaka minne, wala kwa mtu yeyote aliyeuawa. Alishtakiwa kwa bastola moja ya 38 na risasi sita. Mashtaka hayo hayakuhitaji kuthibitisha kwamba alipata kumlenga mtu kwa bastola hiyo; kuwa nazo kulitosha. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.